Sahani ya Kombe ya Mama Yangu

Nina miaka arobaini na nane, nauza vitenge hapa Tabora mjini. Domo ninalo, mtaa mzima unajua. Lakini kwa hili nililomtendea mama yangu... mtaani nilinyamaza miezi!

Mama alikuwa na sahani moja ya kauri ya Ulaya, iliyoingia kwenye ukoo wetu tangu enzi za misafara. Nyeupe, nyembamba, kwa chini imechorwa panga mbili za bluu zilizopishana, alama ya kiwanda. Haikuwekwa wali hata siku moja! Ilikuwa ya kombe tu: mwalimu anaandika aya kwa zafarani, zinaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Majirani walikuwa wakija kuiazima.

Mwaka jana akaja dukani mwanaume mmoja, mnunuzi wa vyombo vya kale. Maneno matamu huyo! Akanionyesha sahani sita zenye madoa ya udongo na ukingo wa dhahabu, akadai zimefukuliwa Kwihara, kwenye njia ya misafara. Nikampeleka nyumbani aione ya mama. Akaigeuza mara moja tu.

"Dada, hii nyeupe mno, ya juzi hii. Ya kale lazima ionekane imezeeka. Ila kwa kuwa ni wewe, nipe hiyo, chukua hizi sita."

Mimi na ujuaji wangu! Nikawaza wageni wanaokuja kutazama tembe la kale Kwihara, jinsi watakavyozigombania. Mama mwenyewe macho hayaoni vizuri, atajuaje? Nikabadilishana.

Hazikupita wiki mbili, mama akaugua. Dawa za hospitali alimeza, lakini akataka na kombe lake. Mwalimu wa madrasa akafika, akaniambia nilete sahani. Ningesema nini mimi? Nikachukua moja kati ya zile sita, nikampa...

Akaandika. Akamimina maji ya waridi, akazungusha. Mungu wangu! Maji yakageuka ya kahawia kama chai ya rangi. Ule uzee wote ulikuwa wa kupakwa! Mwalimu akaikunjia uso ile sahani, lakini mama alikwisha kunyoosha mikono akaipokea. "Bismillahi..." Ikafika mdomoni.

Nikampokonya! Maji yakammwagikia kifuani. Nikapiga magoti, nikasema yote mbele ya mwalimu.

Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Zuhura, ulikuwa tayari ninywe?" Nikalia.

Yule mwanaume simu yake haipatikani hadi leo.

Ndugu zangu, vyombo vya kale visiwatie wazimu! Chombo kiinueni juani: kauri nzuri nyembamba hupitisha mwanga. Kifuteni kwa kitambaa chenye maji: uzee wa kupakwa hutoka. Na kama ni cha mzazi, jamani, muulizeni kwanza mwenyewe! Msisubiri kujifunza kwa machozi kama mimi.

Mama alipona, alhamdulillahi. Amehamia Kwihara kwa mdogo wangu, Asha. Kila Ijumaa nampelekea uji. Shikamoo yangu anaiitikia vizuri tu... kisha anamwita Asha aonje kwanza.