Goti la Devota

Kila asubuhi, nyumbani kwao Bombambili, Mama Devota alimfunga binti yake kifaa cha plastiki kwenye mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti hadi unyayoni. Devota, mwenye miaka kumi na miwili, alizaliwa na mgongo wazi, kasoro ya uti wa mgongo inayodhoofisha miguu, na kifaa hicho kilikuwa cha kushika kifundo cha mguu kilicholegea. Alimuaga mama, akakata kona, akakivua na kukisokomeza kwenye mkoba wa shule.

Kila akikivaa, goti lilimuuma. Aliwahi kusema, nyumbani na kliniki, akaambiwa anadeka. Tangu hapo hakusema tena.

Jumamosi moja mama alipomkagua miguu alikuta kidonda vidoleni. Vidole vilikuwa vimeburuzwa chini wiki nzima na Devota hakuhisi kitu, maana nyayo zake hazina hisia nzuri. Ukweli ukatoka. Jumatatu wakaenda kliniki.

Bi Zuhra, mtaalamu wa viungo, alisafisha kidonda, akakifunga, huku akiwasema watoto wasiopenda kuvaa vifaa vyao. Kisha akachukua kifaa ili amvalishe.

"Sikivai," alisema Devota.

Mama akamkanya aache utovu wa adabu. Devota alisimama palepale. "Nitakivaa kwa hatua kumi tu, Bi Zuhra. Ila usiangalie kifundo. Angalia goti."

Akatembea. Bi Zuhra aliacha kuandika, akachuchumaa, kisha akamlaza kitandani na kuupima mguu. Goti likitazama mbele, unyayo ulitazama pembeni. Mfupa wa muundi, ule wa chini ya goti, ulikuwa umejipinda kuelekea nje. Kifaa kilishika kifundo vizuri, alimweleza mama, lakini hakikuweza kunyoosha mfupa ulio juu yake, na kila hatua ililivuta goti kwa ndani.

Daktari wa mifupa aliunyoosha mfupa kwa upasuaji. Miezi mitatu baadaye, plasta ikiwa imeshatolewa, Devota alivaa kifaa kipya na kuvuka chumba bila kushika ukuta. Goti halikuuma.

"Ulikuwa na haki ya kunikatalia," Bi Zuhra alimwambia, "na mimi nilipaswa kukusikiliza mapema. Lakini kuficha kungekupotezea vidole. Kitu kikikuumiza, sema. Wakikupuuza, sema tena."

"Na wasiposikia hata mara ya pili?"

Mama ndiye aliyejibu. "Mimi nitasikia ya kwanza."