Vidole Anaiuliza Kompyuta

Asubuhi nyumba ile huamshwa na sauti mbili. Moja ni ya randa ya seremala, anayelainisha mbao uani. Nyingine ni ya kibodi ya mkewe, chumbani.

Mke huyo huitwa Vidole. Jina alipewa na wafanyakazi wenzake, enzi alipokuwa mpiga chapa ofisini. Alichapa haraka mpaka wakasema vidole vyake vina macho. Baadaye ugonjwa ukamwondolea macho ya usoni. Ya vidoleni yakabaki.

Vidole hakukunja mikono. Alijifunza kompyuta upya, safari hii kwa masikio. Aliweka programu inayosoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye skrini. Sasa alikuwa ameomba kazi katika kampuni inayonukuu mazungumzo: unasikiliza sauti iliyorekodiwa, unaandika kilichosemwa. Kazi yenyewe ilikuwa kama imeshonwa kwa kipimo chake. Kilichobaki ni jaribio, na jaribio lilifanyika kwenye tovuti ya kampuni. Mwisho wake ulikuwa saa nane mchana siku hiyo.

Alifungua ukurasa wa jaribio. Sauti ya kompyuta ikasoma: "Kivinjari chako ni cha zamani. Tumia toleo la 120 au jipya zaidi."

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Hilo Vidole alilijua. Lakini toleo lake ni la ngapi? Alitafuta kwenye menyu. Kidirisha kikafunguka, na programu ya kusoma ikanyamaza kimya. Akajaribu tena. Kimya kilekile.

Alimwita mumewe. Seremala akaingia na vumbi la mbao mabegani.

"Hebu nisomee hapa. Pameandikwa toleo la ngapi?"

Seremala aliinama mbele ya skrini. Alishika kipanya cha kompyuta kama aliyeshika yai. Akabofya hapa, akabofya pale, na kile kidirisha kikapotea. Mara ukatokea ukurasa mwingine kabisa.

"Hapa wanasema nibonyeze nipate kivinjari kipya, haraka," alisema.

"Nani anasema?"

"Sijui. Maandishi mekundu tu."

"Basi usibonyeze. Usiyemjua usimfungulie mlango."

Seremala aliondoa mkono. "Mke wangu, tuwapigie simu. Waeleze kwamba huoni. Ni watu, watakuonea huruma."

"Siombi huruma, naomba kazi," alisema Vidole. "Leo wakinionea huruma, kesho kivinjari kikikwama nani atanifungulia? Nitauliza njia, kisha nitatembea mwenyewe."

Ng'ambo ya ukuta alikaa mwalimu wa kompyuta. Siku hiyo hakuwa na kipindi. Seremala alikwenda kubisha hodi, na baada ya muda mfupi mwalimu akaingia, akavuta kiti.

"Haya, jirani. Kuna nini?"

Vidole alimweleza yote. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kompyuta yako inatumia mfumo wa Linux, sivyo?"

"Ndiyo. Aliyeniuzia ndiye aliyeniwekea."

"Vizuri. Kwa nini uhangaike na menyu? Iulize kompyuta kwa maandishi, nayo itakujibu kwa maandishi. Na maandishi, programu yako inayasoma bila taabu."

"Naiulizia wapi?"

"Kwenye dirisha la amri. Ni mahali unapoandika jambo unalotaka, unabonyeza Enter, kompyuta inalitenda. Hakuna picha, hakuna menyu. Shika Ctrl na Alt kwa pamoja, kisha gonga herufi T."

Vidole akagonga. Dirisha likafunguka.

"Sasa andika jina la kivinjari chako, firefox. Acha nafasi. Weka vistari viwili vilivyoshikana, na bila kuacha nafasi, andika version. Neno hilo ndilo toleo."

Vidole akaandika kwa mpigo mmoja, akabonyeza Enter. Kompyuta ikajibu kwamba amri hiyo haijulikani.

Mwalimu alitazama skrini. "Umeanza na F kubwa."

"Si ni jina? Jina huanza na herufi kubwa."

"Ofisini, ndiyo. Hapa kompyuta inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwake hayo ni maneno mawili."

Seremala alicheka mlangoni. "Miaka yote unanisahihishia barua zangu. Leo umepata wa kukusahihisha."

"Wewe rudi kwenye mbao zako," alisema Vidole, lakini alikuwa anatabasamu. Akaandika tena, herufi zote ndogo:

firefox --version

Sauti ikasoma: "Mozilla Firefox 102.0."

Mstari mmoja tu, na jibu limekuja.

"Mia na mbili," alisema. "Wanataka mia na ishirini. Kumbe kweli ni cha zamani."

"Ndiyo maana tunaanza kwa kuuliza," alisema mwalimu. "Ukishajua ulichonacho, unajua unachokosa. Sasa tukisasishe. Andika sudo apt update, kompyuta iangalie kilicho kipya. Kisha sudo apt install firefox, ichukue toleo jipya. Hiyo sudo ni kuomba ruhusa ya kubadilisha programu, kwa hiyo itakuomba neno la siri. Unapoliandika hutasikia kitu, na sisi tunaoona hatuoni kitu. Usidhani imekwama."

"Basi hapo sote tuko sawa," alisema Vidole.

Aliandika ya kwanza, akasubiri. Akaandika ya pili, akasubiri tena. Mtandao ulikuwa mzito, na saa ya ukutani haikumsubiri mtu. Kazi ilipokwisha aliuliza tena toleo. Kompyuta ikataja namba iliyopita mia na ishirini.

Alirudi kwenye ukurasa wa jaribio. "Kivinjari chako ni cha zamani," ikasoma sauti.

Mwalimu akakunja uso. "Ajabu. Namba si tumeisikia?"

Seremala akakohoa. "Ile namba ya simu ya kampuni bado ninayo."

"Ngoja," alisema Vidole. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri. "Hiki kivinjari nilikifungua asubuhi. Hakijafungwa tangu hapo. Amri inaniambia kilichowekwa kwenye kompyuta. Lakini ninachotumia sasa hivi si kilekile cha asubuhi?"

Mwalimu akapiga paja. "Umenitangulia. Kifunge, madirisha yote, halafu kifungue upya."

Vidole akakifunga. Akakifungua. Akaingia kwenye ukurasa.

"Karibu kwenye jaribio," ikasoma sauti. "Vaa visikizi, kisha bonyeza Anza."

Mwalimu akaondoka kwa kunyata. Seremala akafunga mlango taratibu. Vidole akavaa visikizi, akanyoosha mgongo, na chumba kizima kikajaa mlio wa kibodi. Alimaliza kabla ya saa nane.

Kazi aliipata. Siku hizi hangoji ukurasa umkatae. Kila wiki, kabla ya kuanza kunukuu, huuliza toleo la kivinjari, hukisasisha, hukifunga na kukifungua. Mwalimu alimfundisha pia kwamba kila kivinjari huitwa kwa amri yake, na kwamba kwenye Windows njia ni nyingine. Vidole akaomba aonyeshwe hiyo nayo.

Juzi alipigiwa simu na mnukuu mwenzake, mama anayefanyia kazi mji mwingine. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekata tamaa.

"Dada, ukurasa wa kazi umenikataa. Nifanyeje? Nimwite fundi?"

"Fundi utamwita tukishindwa," alisema Vidole. "Kaa mbele ya kompyuta. Tuanze kwa kuiuliza ina nini."