Mkono Uliongoja Wino

Haya yalimpata Carine, jirani yetu wa mtaa wa Kasha hapa Bukavu, na anayedhani ni porojo aende akaitazame meza yake.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Mama yake, Maman Eulalie, alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Ndani, Carine na kaka yake Guylain walikuwa wakimalizia toleo jipya la katuni yao: Zagabe mnene na Sagesse wa miwani, wapelelezi wanaosaka mizimu ya Bukavu na kuifungia kibuyuni. Watoto wa shule waliigombania kama maandazi. Guylain alichora kwa penseli. Carine hakujua kuchora hata kuku, lakini mkono wake haukutetemeka, kwa hiyo yeye ndiye aliyepitisha wino juu ya mistari ya kaka yake. Penseli hufutika. Wino ukishakauka, basi tena.

Alipofika ukurasa wa mwisho, kalamu ilisita. Mzimu uliochomoza hadi kiunoni kutoka shimo la dhahabu, umezungukwa na tope, ulikuwa na uso wa Yannick, mdogo wao aliyekwenda kuchimba dhahabu kule Shabunda. Tangu mvua zianze simu yake ilikuwa kimya.

"Guylain, uyu ni Yannick."

"Sura ilikuya yenyewe. Weka tu wino, imprimerie inatungoya."

Carine alijua ni vibaya. Kwao, mtu ambaye maiti yake haijaonekana haliliwi, wala jina lake halipelekwi kwenye misa ya wafu. Kumlilia ni kumsukuma kaburini. Lakini wachapaji walikuwa wakingoja, na haraka haraka haina baraka ni methali ya watu wenye muda. Akatia wino.

Maman Eulalie aliingia na mchi mkononi, akauona ukurasa. Mchi ukamwanguka.

"Muko namuzika mutoto yangu, na hayayakufa bado?"

Kabla sombe halijaiva, ujumbe wa sauti ulifika kutoka kwa mchimbaji mwenzake na Yannick. Shimo lilikuwa limebomoka. Yannick alikuwa ndani, na watu walikuwa wakifukua kwa mikono. Maman Eulalie alikimbilia kanisani bila viatu.

Carine aliutazama ukurasa. Tope la kwenye picha lilikuwa limefika kifuani.

Alisugua kwa kifutio. Alikwangua kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka ukingoni. Wino haukutoka. Hakuliona tope likisogea, ila kila alipopepesa macho lilikuwa limepanda. Ni mimi, alijiambia. Ni mkono wangu huu.

Guylain alinyakua penseli. Alimchora Zagabe akishika kamba. Mistari ikafifia, karatasi ikainywa. Alimchora Sagesse. Naye akatoweka. Watu wa kubuni hawakuwa na nguvu ya kumvuta mtu wa kweli.

Ndipo Guylain akajichora mwenyewe. Amepiga magoti kwenye ukingo wa shimo, amemshika Yannick kifundo cha mkono. Mistari hiyo nayo ilianza kupauka.

"Tia wino, Carine," alinong'ona. "Mbio."

"Na weye?"

"Mi niko hapa. Si unaniona?"

Mvua ilipiga mabati. Tope lilifika mdomoni mwa Yannick. Carine alilia kwa sauti, kwa maana alijua anachoombwa: kumtoa kaka ili mdogo apone. Akachovya kalamu. Bega. Kiwiko. Vidole. Hakuinua macho mpaka mstari wa mwisho.

Simu ikalia.

"Yaya Carine." Alikuwa Yannick, akimwita yaya kama mdogo amwitavyo mkubwa wake, anahema. "Niko muzima. Ni yaya Guylain amenivuta. Alifika huku lini?"

"Guylain iko wapi sasa?"

"Ameanguka mu nafasi yangu. Shimo imefunga."

Carine aligeuka. Kiti cha Guylain kilikuwa bado na joto. Miguu ya kiti ilikuwa imejaa tope jekundu. Na ukurasani Yannick hakuwepo tena. Alikuwepo Guylain, tope kifuani.

Yannick alirudi Kasha. Kwenye kifundo cha mkono ana alama nyeusi za vidole, na sabuni zote zimeshindwa. Maman Eulalie amekataa matanga. "Hatuwezi kulia mutu hatuyaona maiti yake," anasema, na hakuna anayembishia.

Tope lilimfika Guylain kidevuni, likasimama. Carine alijaribu kuchora mkono wa kumwokoa. Kila mara ulitoka kama tawi kavu. Alijaribu mpaka karatasi za nyumba zikaisha, akamwomba Bikira Maria, akajipiga vidole kwa hasira. Alijua kufuata mistari ya mtu mwingine tu.

Jumapili iliyopita alirudi kutoka misa, akakuta mistari hafifu ya penseli kwenye ukingo wa shimo. Mchoro wa kaka yake angeutambua hata gizani. Ni mwanamke aliyepiga magoti, amenyoosha mkono. Kwenye kidole gumba kuna kovu, lile alilolipata Carine kwa kisu cha muhogo utotoni.

Mistari ilipauka kidogo kila siku. Maman Eulalie aliificha chupa ya wino chini ya godoro lake, akawa habanduki kwa binti yake.

Jana bomba lilikauka. Ikabidi maman ashike bidoni, dumu la maji, ateremke kuteka.

Aliporudi, wino wa ukurasani ulikuwa bado mbichi, na aliyezama topeni sasa alikuwa Carine. Kiti cha Carine kilikuwa na tope. Simu yake ilikuwa ikilia mezani, namba ya Shabunda, na maman aliitazama mpaka ikanyamaza.