Fundi Aliyeupiga Mti Lipu

Nawajua ndege wote. Kuku namjua, bata namjua. Baada ya bata elimu yangu inaanza kuchechemea. Huyu ndege nitakayewaeleza nilifundishwa ukubwani, tena siku ya hatari.

Mume wangu ni mwashi. Watu wote wanamwita Fundi, hata mimi, isipokuwa nikikasirika. Nyumba yetu iko pembeni mwa mji, karibu na msitu. Nyuma yake kuna mti mkubwa. Tawi lake moja, nene kama pipa, lilipita juu ya chumba cha nyuma. Chumba hicho Fundi alikijenga kwa mikono yake, binti yetu aje kukaa akishajifungua. Alikisifia mpaka majirani wakawa wanatukwepa njiani.

Binti akajifungua salama. Akaja na mtoto wa kiume, mume wangu mdogo, wakalala chumba cha nyuma. Ndipo ndege naye alipoanza kazi.

Ko-ko-ko-ko. Kila kukicha, ko-ko-ko-ko. Mtoto anashtuka, analia. Binti macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Ndege gani huyu asiye na adabu?" Fundi akauliza.

"Kigong'ota," nikamwambia. Jina nililijua, tabia zake hapana.

"Anatoboa mti wangu."

"Mti ulikuwepo kabla yako."

Fundi alichanganya saruji na mchanga, akachukua mwiko, akapanda ngazi. Akaliziba shimo la ndege na kulilainisha vizuri, kama ukuta wa benki. Ndege akasogea kidogo, akatoboa jingine. Fundi akaziba. Ndege akatoboa. Mwisho lile tawi lilikuwa na viraka vingi kuliko suruali ya Fundi ya kazini.

Asubuhi moja wingu zito lilitanda. Fundi alikuwa juu ya ngazi, na mimi nafua nepi. Afisa wa misitu akapita akielekea kazini kwake msituni. Ni mwanamke kijana, rika la binti yangu. Tunamwita Bibi Misitu. Alitazama juu, akasimama.

"Shikamoo, mzee. Naomba ushuke."

"Marahaba. Nikimaliza."

"Shuka sasa, mzee. Taratibu. Usiliegemee hilo tawi."

Sauti yake haikuwa ya mchezo. Niliiacha nepi ndani ya povu. Fundi akashuka huku akinung'unika.

"Chumba hicho analala nani?" Bibi Misitu akauliza.

"Binti yetu na mtoto mchanga," nikasema.

"Watoeni leo. Msingoje upepo. Tawi hili limeoza."

Fundi akacheka. "Limeoza? Huoni majani?"

"Majani nayaona. Mti unaweza kuwa na majani nje na ndani ukawa unga."

"Mharibifu ni huyo ndege. Na dawa yake ninayo hapa kwenye ndoo."

Bibi Misitu akainama. Chini ya tawi palikuwa na vipande vidogo vya mti. Mimi nilikuwa navifagia kila siku na kumlaani ndege. Aliokota kimoja, akakisaga kwa vidole. Kikawa vumbi.

"Mzee, kigong'ota haui mti mzima. Akitaka kuchimba nyumba ya makinda wake, anatafuta mahali palipooza, kwa sababu panachimbika. Kila unapomkuta anachimba, jua pana ulaini."

"Uongo," Fundi akasema. "Juzi nilimwona mwingine kwenye mti wa jirani. Mti ule ni mzima. Mbona huko hukwenda kuwatoa watu?"

"Alikuwaje?"

"Mdogo. Mgongo una madoadoa."

"Alikuwa wapi? Kwenye shina?"

"Kwenye vijitawi vya juu."

"Yule alikuwa anatafuta wadudu tu. Vigong'ota si wa aina moja, mzee. Kuna hao wadogo wa vijitawini. Kuna wakubwa, wanaopiga mti kama ngoma ili wasikike mbali. Wale wanazungumza, hawachimbi. Kuna wengine hushuka mpaka chini kula siafu na mchwa. Ukimwona kigong'ota, usikimbilie panga. Tazama kwanza ni yupi, na anafanya nini."

"Na huyu wetu?" nikauliza.

"Huyu anachimba nyumba. Vipande hivi ndivyo vinavyosema. Na saruji haitibu mti, mama. Inafungia maji ndani, na kuoza kunaendelea. Halafu inaongeza uzito."

Upepo ukavuma kidogo. Tawi likalia, kama mlango wenye bawaba kavu. Ndani, mtoto akaanza kulia.

Nilikwenda mlangoni. Fundi akanitangulia, akasimama kizingitini na mwiko wake.

"Mke wangu, unakwenda wapi?"

"Kumtoa mwanangu."

"Chumba hiki nimekijenga mimi. Watu watasema Fundi kajenga chumba cha kukimbiwa."

"Hakuna anayekimbia chumba. Tunakimbia mti."

"Hatoki mtu."

"Baba watoto," nikasema. Alijua sasa nimekasirika. "Nipishe."

Hakunipisha. Binti naye alisimama nyuma yake na mtoto kifuani, anatutazama kwa zamu. Upepo ukaja wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Majani yakamwagika juu ya bati.

Bibi Misitu hakupandisha sauti. "Mzee, nikuulize la kazi yako. Lipu ikiachana na ukuta kwa ndani, na kwa nje inang'aa, unajuaje?"

"Mtoto wa jana anajua. Nagonga. Mahali pazima panatoa sauti nzito. Palipoachia panatoa sauti ya debe."

"Basi kagonge mti wako. Anza chini kwenye shina, upande mpaka hapo tawi linapoanza. Ngazi iegemeze kwenye shina."

Fundi alinitazama. Akamtazama yeye. Nadhani alikwenda ili amwaibishe. Akageuza mwiko, akagonga shina kwa mpini wake. Sauti nzito. Akapanda. Akagonga. Nzito. Akapanda tena, akafika shingoni mwa tawi. Akagonga.

Debe.

Akagonga pembeni. Debe. Akagonga kwenye kiraka chake mwenyewe, nacho kikabanduka chote, kikaanguka chini pu. Ndani ya tundu palikuwa peusi, na maji machafu yakachuruzika.

Alishuka. Uso ulikuwa umepauka kama mfuko wa saruji. Alinipita mimi, akampita Bibi Misitu, akaingia chumbani. Alitoka amembeba mtoto, kamkumbatia kama tofali la dhahabu, huku amemshika binti mkono.

"Nendeni chumba cha mbele," akasema. "Kitanda nitakihamisha mwenyewe."

"Kitanda kiache," Bibi Misitu akasema. "Usirudi humo."

Safari hii alimsikiliza.

Mchana mvua ilishuka na upepo wake. Tulikuwa tumekaa chumba cha mbele. Tukasikia mlio mmoja mkavu, kisha kishindo cha mabati. Mtoto hakuamka hata. Mimi ndiye niliyepiga kelele, na kikombe kikanitoka.

Mvua ilipokatika tulikwenda kutazama. Bati lilikuwa limekunjwa katikati. Tawi lilikuwa limelala juu ya kitanda, kwa urefu, mahali pa mtu. Binti akakaa chini pale pale. Fundi akasema taratibu, "Ndege alikuwa anagonga kama mimi."

Bibi Misitu alituletea watu wa kukata miti, wenye kamba na kofia ngumu. Waliondoa matawi yote yaliyoelekea kwenye nyumba. Shina zima hawakuling'oa. Walilikata likabaki fupi, hata likianguka lisiifikie nyumba.

"Liacheni hivyo," alitushauri. "Vigong'ota watachimba hapo juu palipooza na kula funza wa mbao. Wakihama, tundu lao litarithiwa na ndege wasio na midomo ya kuchimba. Na wakati wa makinda msizibe tundu lolote."

"Likae hapo na ndege wake," Fundi akasema. "Mimi simo."

Aliezeka chumba upya. Binti akarudi humo. Siku hizi upepo ukivuma tunaanua nguo tu, hatuhamishi mtu. Na mti wowote mtaani ukichimbwa na kigong'ota karibu na nyumba, mwenye nyumba anamwita Bibi Misitu kabla ya kuchanganya saruji.

Juzi alipita kutusalimu. Akamkuta Fundi nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, anatazama shina.

"Shikamoo, mzee. Unatazama vigong'ota?"

"Marahaba. Vigong'ota? Mimi? Nakagua ukuta."

"Ukuta uko nyuma yako, mzee."

"Nilishamaliza kuukagua. Ndege mimi sina habari nao. Muulize mama huyo."

"Basi yaishe. Nilitaka tu kujua kama mayai yameanguliwa. Yule anayeruka pale ni dume?"

"Dume gani?" Fundi akasema. "Huyo ni jike, hana nyekundu utosini. Dume yumo ndani, analisha. Na punguza sauti, utamshtua, leo kachelewa kuleta chaku..."

Tukamtazama. Akageuza kigoda chake polepole, akaanza kukagua ukuta.