Zamu ya Kijiko

Rafiki yangu fundi cherehani si mtu wa kuzusha mambo, na haya hunisimulia huku akiangalia chini.

Yeye na wenzake wa bweni walikutana kwenye shule yao ya zamani, wakaingia bwenini. Madirisha yalikuwa yamepigwa mbao, ndani giza totoro mchana kweupe. Wakapapasa, kila mmoja akakalia kitanda chake cha chuma, wakitaniana kuhusu vitambi. Enzi zao, taa zikizimwa, waligonga chuma kitanda hadi kitanda, kila mtu mara moja, maana yake "nipo".

"Tugonge, jamani," mwokaji mikate akasema.

"Na zamu ya Kijiko?" fundi akauliza.

Kijiko, mwenzao, alifia humo enzi hizo kwa homa, wenzake wamelala.

"Tumnyamazie kidogo, maskini," mwokaji akajibu.

Wakaanza. Ngo. Ngo. Ilipofika zamu ya Kijiko wakanyamaza, fundi machozi yakimlengalenga.

Ngo.

Ilitoka kwenye kitanda kitupu cha Kijiko. Kisha kitanda kinachofuata, nacho kitupu, kikaitikia taratibu: ngo.

Hicho kilikuwa cha mwenzao dereva wa lori, aliyewapigia simu asubuhi akicheka: "Kitanda changu asikalie mtu, niko njiani."