Kibodi ya Mwalimu Tryphena

Kibodi ilikuwa na joto, na hakuna aliyekuwa ameiunganisha na umeme.

Tryphena Wakesho aliligundua hilo asubuhi ya kwanza, alipoitoa kwenye magazeti iliyofungwa nayo na kuiweka mezani. Halikuwa joto la jua. Lilikuwa kama joto la kiti ambacho mtu ameondoka sasa hivi. Akaipangusa kwa kitambaa, akajiambia ni safari ndefu ya gari moshi kutoka Mombasa, akaendelea na kazi zake.

Mwaka huo wa 1988 Tryphena alikuwa na miaka thelathini na sita. Alizaliwa Bura, kule milimani, akasomeshwa na masista wa misheni, hakuolewa, na kwa miaka tisa alikuwa akiendesha shule ya taipu katika chumba kimoja nyuma ya duka la simiti mjini Voi. Wasichana waliopita mikononi mwake walikuwa wakiandika barua katika ofisi za mashamba ya mkonge, wengine mahakamani, wengine hadi ofisi za wilaya kule Wundanyi. Lakini siku hizo walikuwa wameanza kurudishwa. Waliulizwa kama wanajua kompyuta, wakasema hawajui, wakaambiwa waende wakajifunze. Katika chumba kilichowahi kujaa wasichana ishirini walibaki saba.

Kompyuta nzima, mpya, ilikuwa bei ya shamba. Basi akaenda kwa Phineas Ndambuki, fundi wa redio, Mkamba mpole aliyewahi kufanya kazi Nairobi katika karakana ya mashine za ofisi.

"Mwalimu, pesa yako si ya kuchezea," Phineas alimwambia, "lakini itatosha kama hatutakuwa na tamaa. Tutanunua vipande, niiunganishe mwenyewe. Kifaa cha kuleta umeme kiwe kipya, maana stima ya Voi unaijua, inapanda na kushuka. Memori iwe mpya. Kasha hata likiwa na kutu, hakuna atakayeliangalia. Skrini tuchukue ndogo, ile ya maandishi ya kijani."

"Na kibodi?"

"Kibodi ni kibodi. Tuchukue yoyote ya bei rahisi."

Hapo ndipo walipobishana. Kwa Phineas kompyuta ilikuwa yale yaliyomo ndani ya kasha. Kwa Tryphena ilikuwa pale vidole vinapokaa.

Huko Mombasa waliingia duka moja lililouza vitu vya ofisi zilizofungwa. Phineas alipitia vipande vyake kwa saa mbili nzima, akivinusa, akivitikisa karibu na sikio, akirudisha viwili kwa kila kimoja alichochukua. Tryphena alisimama mbele ya rafu ya kibodi, akazijaribu moja moja huku amefumba macho, kama alivyowafundisha wasichana wake. Zile mpya zilikuwa laini mno, hazikumjibu. Kisha akagusa moja iliyokuwa chini kabisa, nzito, rangi ya meno ya mzee. Vitufe vyake vilikuwa vimelika katikati na kushika umbo la ncha za vidole vya mtu. Vidole vyake viliingia humo vikatulia.

"Hiyo imerudishwa mara mbili," muuzaji akasema bila kuinua macho.

"Ina shida gani?"

"Haina shida. Inaandika vizuri tu."

Phineas akamsogelea, akanong'ona. "Iache, Mwalimu. Kitu hakirudishwi mara mbili bure."

"Wewe umechagua vipande vyote, Fundi. Niachie mimi hiki kimoja."

Akaibeba mapajani safari nzima.

Phineas alichukua siku mbili kuiunganisha. Jumatano maandishi ya kijani yakawaka kwenye skrini, na wasichana wakapiga makofi. Loise, msaidizi wa Tryphena, aliyekuwa mwanafunzi wake kabla ya kuajiriwa, alisogea karibu, akavuta pumzi puani.

"Mwalimu, umejipaka marashi?"

Hakuwa amejipaka. Harufu ilitoka mezani, marashi ya waridi, na chini yake harufu nyingine kama ya nywele zilizofungwa zikiwa mbichi.

Saa sita mchana Voi hunyamaza. Jua husimama utosini, maduka hufungwa nusu mlango, na mbwa huingia chini ya magari. Siku hiyo wasichana walikuwa wamekwenda kula. Tryphena alikuwa amekaa barazani akimenya chungwa aliposikia mtu akiandika ndani. Uchapaji ulikuwa wa haraka, usiokosea, wa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Aliingia akitaka kujua ni mwanafunzi gani amekuwa hodari hivyo. Chumba kilikuwa kitupu. Kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja uliojirudia mpaka chini: nani atakaa nani atakaa nani atakaa.

Akaizima. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kila shilingi yake imo mle?

Siku ya pili alikuwa akinakili mtihani, akageuza shingo kumjibu Loise, na alipotazama tena mezani vidole vyake vilikuwa vikiendelea. Havikuandika mtihani. Aliviamuru viache, vikaendelea hadi mwisho wa mstari, vikaacha vyenyewe. Ijumaa alimwomba Phineas aichukue ile kibodi akaifungie karakanani kwake. Jumamosi mchana Phineas alikuta kufuli limefunguliwa na kibodi haipo. Tryphena naye alijikuta yuko mezani kwake, kibodi iko mapajani, viatu vimejaa vumbi jekundu, wala hakukumbuka kwenda popote.

"Nilikwenda mwenyewe kuichukua?" alimwuliza Phineas kwa sauti ya chini alipofika mbio.

"Sijui, Mwalimu. Mimi nilikuwa msibani. Jirani anasema alikuona ukipita, akakusalimu, ukamjibu kwa Kiswahili cha pwani."

Jumatatu, saa sita, alikaa kwenye kiti ili achomoe waya wa kibodi aitupe kabisa, na miguu ikamfia. Haikuuma. Ilikuwa tu si yake tena, kama miguu ya meza. Macho nayo yalishikwa yakatazama skrini na hayakupepesa hata machozi yalipoanza kumtiririka, na vidole vikaanza kazi, na harufu ya zile nywele mbichi ikapanda ikamjaa puani kana kwamba mtu ameinama juu ya bega lake kusoma anachoandika, na yeye akiwa ndani ya mwili wake mwenyewe kama mtu aliyefungiwa stoo, anasikia kila kitu, duka la simiti, lori likirudi nyuma, hatua za Loise zikija barazani zikisimama nje ya mlango ambao haukuwa na komeo wala ufunguo, mlango ambao mtoto angeusukuma, lakini Loise hakuusukuma, alibisha tu kwa adabu kama kawaida yake.

"Mwalimu, uko salama?"

Tryphena alikusanya nguvu zake zote ili aseme jina lake, Loise, neno fupi tu, na kinywa chake kikafunguka.

"Niko salama, mwanangu," kikasema, kwa upole. "Waambie wenzio leo hakuna masomo. Nendeni nyumbani."

Akazisikia zile hatua zikienda.

Alikaa hapo siku ile, na usiku, na kesho yake. Aliyemwokoa alikuwa Loise huyohuyo. Alikwenda nyumbani, akalala, akaamka na wazo moja: katika miaka yote Mwalimu hakuwahi kumwita mwanangu. Akamfuata Phineas, na Phineas akaenda posta kupiga simu kwa yule muuzaji wa Mombasa. Alipotoka alikuwa amebadilika uso.

"Ilikuwa ya mama mmoja, karani wa ofisi ya meli," alimwambia Loise. "Ijumaa moja waliondoka wakamwacha anamalizia barua. Jumatatu wakamkuta yuko palepale. Alikuwa anapumua, lakini hakuna kiungo hata kimoja kilichomtii. Alizikwa baada ya wiki."

Hawakwenda kwa padre. Loise alitaka, lakini Phineas alisema jambo lililotoka pwani litaulizwa na mtu wa pwani. Walikwenda nyuma ya msikiti kwa Bi Mwanasha, mjane aliyepika mahamri ya kuuza, na ambaye watu walimwendea kwa mambo ya pepo huku wakijifanya wamefuata mahamri. Aliwasikiliza, akafunga khanga yake vizuri, akachukua chetezo na ubani.

"Jini wa namna hii hana mwili," alisema njiani. "Hutafuta mtu wa kumkalia. Mtu huyo sisi twamwita kiti. Kiti chake kikivunjika, hungoja kingine."

Mlango ulifunguka kwa kidole. Tryphena alikuwa mezani, midomo imepasuka kwa kiu, vidole vikienda. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Phineas aliichungulia nyuma, akaona hata waya haujachomekwa, akarudi kusimama ukutani. Bi Mwanasha alikaa chini kwenye saruji, akatia ubani kwenye makaa, akangoja moshi umfikie.

"Umekaa bila ya kukaribishwa," akasema.

"Nilikaribishwa," kinywa cha Tryphena kikajibu. "Rafu nzima ilikuwa mbele yake. Alinichagua mimi."

"Alichagua chombo. Hakukujua wewe."

"Alinishika akafumba macho. Tangu yule mwingine afe, hakuna aliyenishika hivyo."

Loise alianza kulia kimyakimya. Bi Mwanasha alisoma, akapuliza, akasoma tena, mpaka jasho likalowesha khanga. Mwili wa Tryphena ulitetemeka kitini lakini haukuinuka. Mwishowe ile sauti ikasema, kama mtu aliyechoka kubishana:

"Nitamwachia. Lakini sitoki mikono mitupu. Nitabaki na kiungo kimoja. Na achague mwenyewe, ana jicho la kuchagua."

Koo la Tryphena likafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu pumzi iliyopita humo ilikuwa yake, na alitoa kilio kimoja kidogo. Akatazama mlango. Nje palikuwa na jua na vumbi na mtu anayepita na baiskeli. Alifikiria macho, akafikiria sauti. Lakini chumba kile kilikuwa kimemkaba siku mbili, na kitu alichokitaka kuliko uhai ni kusimama atoke.

"Ngoja kwanza, mwanangu," Bi Mwanasha alianza.

"Chukua vidole," Tryphena akasema.

Akaanguka kutoka kitini. Miguu ikamtii, akatambaa, akainuka kwa kushika ukuta kwa viwiko, akatoka nje, akakaa juani. Mikono yake ilining'inia pembeni kama glavu zilizojazwa mchanga. Bi Mwanasha alimfuata, akamfuta uso kwa ncha ya khanga.

"Ungeningoja," akasema taratibu. "Majini huanza kwa kudai kiungo. Ningemshusha mpaka akubali kuku badala yake."

Phineas aliichoma kibodi jioni hiyohiyo. Ilikuwa imepoa kabisa. Kuhusu kompyuta, hakukuwa na pesa ya kununua nyingine, kwa hiyo Loise aliendelea kuwafundisha wasichana kwa ileile, na kibodi mpya ya bei rahisi. Haikumsumbua. Wanafunzi wakafika kumi na wanne.

Tryphena alirudi Bura kwa mama yake, Mama Gertrude, aliyemlisha kwa kijiko na kumfunga vifungo vya gauni. Miezi minne ilipita kabla ya Loise kupata nafasi ya kupanda kwenda kumwona. Alimkuta jikoni, amenenepa kidogo, amekaa mezani, mikono imelazwa mbele yake juu ya kitambaa. Walizungumza juu ya wasichana, nani amepata kazi, nani ameolewa. Tryphena alicheka mara mbili. Ukungu ulikuwa mzito nje, na Mama Gertrude alikuwa shambani akichuma kabichi.

Kengele ya misheni ikalia. Saa sita.

Vidole vikaamka. Vilijikunja, vikajipanga juu ya meza, vinnevinne, vikaanza kugonga mbao.

"Hufanya hivyo kila siku," Tryphena akasema, akageuza uso kuelekea dirishani. "Hudumu robo saa hivi. Usivitazame, Loise."

Lakini mtu aliyefundishwa kuandika bila kutazama anaijua kila herufi kwa kidole chake, na Loise alifundishwa na vidole vilevile. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kiligonga pale kilipo, kikapanda kidogo kikagonga tena. Cha kati, kwa juu. Cha pete cha kushoto. Cha kati cha kushoto, kwa juu. Akalisoma jina lake lote kabla hajajua kwamba anasoma. Kisha likaja neno la pili, na la tatu, polepole, kama mtu mwenye subira.

Loise njoo ukae.

Alitaka kuaga. Alitaka kusema atashikwa na mvua njiani, akashusha macho kutafuta kikapu chake, na hapo, juu ya paja lake mwenyewe, akauona mkono wake wa kulia umejipanga tayari, na vidole vimeshaanza kujibu.