Bastola Ndani ya Moyo wa Belo

Jamani, kaeni kitako. Ninyi mnaogombania lifti za jengo la Tianxiu Dasha kila asubuhi, ninyi wa mtaa wa Sanyuanli mnaofunga mizigo, na ninyi mlioko nyumbani mnaoipokea, nina neno nanyi nyote. Mimi ni Mwanakhamis, muuza nguo wa Unguja, na mnanijua kwa mdomo wangu. Leo mdomo wenyewe ni mzito. Lakini nisiposema mimi, atasema nani? Marijani mwenyewe hawezi.

Marijani na mimi tulikodi ofisi moja hapa Guangzhou, Uchina, kijichumba chenye meza mbili na maboksi mpaka darini. Yeye ni mtu wa Mbagala, Dar es Salaam. Mkewe Swalha na mtoto wao wa pekee, Zubeir, walibaki huko. Nyumba yake akiiendesha kwa simu. Mnacheka? Nani kati yenu haendeshi hivyo? Kila mchana, Dar ndiyo kwanza kumekucha, Marijani anaisimamisha simu juu ya boksi, anafunua wali wake, na Swalha yupo kwenye kioo anapika chapati. Anauliza kama kuku wametaga, kama maji yametoka, kama Zubeir ameamka. Nami sikosi la kuchokoza. "Shoga, mumeo leo kavaa soksi mbili tofauti!" Swalha anacheka mpaka chapati inaungua.

Zubeir alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Kijana mrefu, mwenye haya. Akipita nyuma ya mama yake husema, "Shikamoo shangazi," kisha anakimbia nisije nikamuuliza habari za wachumba. Baba yake alikuwa akimtazama kwenye kioo kile utadhani hajawahi kuona mtoto wa mtu. Nawaambieni, ilikuwa nyumba yenye raha.

Siku moja Swalha alitokea bila chapati.

"Wameingia kwa mzee wa nyumba ya nyuma," alisema. "Wana bunduki, baba Zubeir. Wamemfunga mzee wa watu kwa waya wa pasi, wakabeba kila kitu." Akajifuta uso kwa khanga. "Na lile bati la banda la kuku limelegea. Upepo ukivuma linagonga, mimi nashtuka, silali. Nitafutie fundi, mume wangu."

"Nitamwambia mtu," Marijani akajibu. Lakini nilimwona, masikio yake yalikuwa yamebaki kwenye neno bunduki.

Jumamosi ile akaja Lusajo, kijana wa Mbeya anayesomea sheria chuo kikuu hapa, ambaye hututafsiria kwa Wachina na kula pilau langu. Marijani hakungoja hata anawe mikono.

"Ningekuwa nyumbani ningeomba kibali, ninunue bastola," alisema. "Jirani yangu Abass anayo, tena kwa kibali. Mwaka jana alipiga moja tu juu, wezi waliruka ukuta wakaacha viatu. Jambazi anaheshimu kitu hicho tu."

"Kaka, bunduki ikishaingia nyumbani inatafuta kazi," Lusajo akasema. "Tazama hapa tulipo. Raia hawana silaha, na Dada Mwana anatembea peke yake usiku na mkoba wake begani."

"Hapa kuna kamera kila nguzo! Ukimwita polisi anafika hujakata simu. Mbagala atakuja nani? Wewe mdogo wangu huna mke wala nyumba, una vitabu. Sheria zako zinambana anayeomba kibali. Jambazi haombi kibali!"

"Sikatai, kaka, una haki ya kuogopa. Lakini weka taa uani. Weka mlango wa chuma. Na jirani zako wajue kila kilichomo ndani mwako, ili siku ya kelele mjuane."

"Taa!" Marijani akaangua kicheko. "Nimpige jambazi kwa taa?"

Niwaambie kweli? Marijani aliponitajia jambazi asiyeomba kibali, alinigusa. Nami nina mama yangu mzazi Unguja, analala peke yake. Na Lusajo aliposema, akanigusa pia. Sikujua nimwunge mkono nani, nikawapakulia wote wawili nyama zaidi tukabadilisha mazungumzo.

Sasa sikilizeni alichokifanya.

Desturi yetu mnaijua. Tukifunga belo la nguo, katikati kabisa tunachomeka kitu cha nyumbani, kile tunachokiita moyo wa belo. Viatu vya mke, jezi ya mtoto, manukato. Mzigo ukifika, wateja hawauziwi kitu mpaka mwenye nyumba atoe moyo wake kwanza. Ni mapenzi yetu sisi watu wa mbali. Basi siku ya kufunga, Marijani aliwafukuza vijana wa wakala wa mizigo, akalifunga belo kwa mikono yake, jasho likimtoka.

"Leo umemwekea nini Swalha?" nikamwuliza.

"Si yake. Ni zawadi ya mwanangu," akasema, wala hakunitazama.

Ilikuwa bastola ya bandia. Hayo alinisimulia baadaye, akilia. Chuma tupu, nzito, haina pa kuingizia risasi, lakini kwa macho huwezi kuitofautisha na ya kweli. Nchi hii hata hiyo ya bandia ni kosa, na muuzaji alianza kwa kumwambia "meiyou, meiyou," yaani hakuna, kisha akamvuta nyuma ya pazia. Marijani akajiambia kwamba kitu kisicho na risasi hakiwezi kumdhuru mtu. Belo lilipofika Dar alimpigia Zubeir pembeni, autoe moyo yeye mwenyewe. Mama yako asijue. Baba mdogo Abass asijue. Mmoja akijua kwamba ni ya bandia, mtaa mzima utajua, na mwizi atajua. Zubeir akasema ndiyo baba. Alikuwa mtoto wa ndiyo baba, yule.

Fundi wa bati hakuletwa.

Asubuhi yenyewe tulikuwa Shisanhang, kwenye soko la jumla la nguo. Pale, asiyejua ajue, biashara huanza alfajiri. Sisi jua limeshatoka, Dar bado giza. Marijani alikuwa ameshika blauzi ya maua anauliza kama rangi inachuja, simu ikalia. Sauti ya Swalha ilikuwa ya kunong'ona, nikaisikia kwa sababu tulikuwa bega kwa bega.

"Kuna watu uani. Wanagonga. Baba Zubeir, nawasikia."

Jamani! Yule mtu alibadilika rangi. Akakata, akampigia Zubeir.

"Mwanangu, chukua kile kitu. Toka mlango wa nyuma, simama wakuone. Usiseme neno, wataona wenyewe."

Sikujua kile kitu ni kitu gani. Kabla sijauliza, ameshampigia Abass.

"Abass! Wezi wamo uani kwangu, wana bastola! Usingoje wapige wao, ndugu yangu, nakuomba. Mwanangu yumo humo!"

Hakuwaona hao wezi, hakuisikia hiyo bastola yao. Lakini tangu alipoambiwa habari za mzee wa nyuma, katika kichwa chake kila mwizi alikuwa na bunduki. Aliposhusha simu alinitazama, akatabasamu, na blauzi ya watu bado mkononi.

"Leo watakoma, Dada Mwana," akasema.

Akampigia tena Swalha. Simu ikapokelewa, hakuna aliyesema. Tukasikia kitu kikigonga, ga, ga, ga, mara kinyamaze, mara kigonge tena, kama kinavyogonga kitu kinachochezewa na upepo. Halafu tukasikia mlio mmoja. Nilidhani kitu kimeanguka kwenye simu. Kisha Swalha akapiga ukelele ambao mpaka leo nikifumba macho nausikia.

Aliyekuja kuzungumza ni Abass. "Marijani, ni Zubeir," alisema. "Marijani, ni Zubeir. Alikuwa na bastola mkononi, mimi nimeona bastola. Ni Zubeir." Aliendelea kusema hivyo hivyo mpaka mtu akamnyang'anya simu.

Mwizi hakuwako. Uani palikuwa na kuku na lile bati.

Marijani alikaa chini pale pale, katikati ya njia, watu wanapita na mikokoteni. Mwenye duka, laoban wetu wa siku zote, mwanamke asiyejua neno la Kiswahili, alimtazama usoni akamletea maji na kiti. Hakukikalia. Nilikaa naye sakafuni nikamshika kichwa kama mtoto, nami nikilia, hata haya sikuona.

Ndege ya kumwahisha haikupatikana. Polisi walipomaliza uchunguzi wao na kuutoa mwili, wazee walitaka wangoje baba afike, Swalha akasema asingojewe. Basi Marijani alimzika mwanawe ofisini. Alisimamisha simu juu ya boksi lile lile, Lusajo akasimama upande mmoja na mimi upande mwingine, akaona jeneza likipita mabegani mwa watu, mpaka mchanga wa mwisho. Mikono aliikunja kama aliyebeba kitu.

Kisha Swalha akataka simu. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Zubeir alikusikia wewe," alimwambia mumewe. "Abass alikusikia wewe. Mimi nilikwambia bati, hukunisikia."

Akakata. Marijani akapiga, akapiga, haikupokelewa. Lusajo alikuwa na haki ya kusema nilikwambia, lakini hakusema. Alijifunika uso kwa mikono, akalia kuliko sisi sote.

Leo Abass yuko mahabusu, kesi inaendelea. Ndiye aliyemfundisha Zubeir kuendesha baiskeli. Ana kibali chake halali na hajawahi kugombana na mtu. Swalha amerudi kwao Tanga. Na Marijani alipofika Mbagala, walioko pale wanasema hakuingia hata ndani. Aliomba nyundo na misumari, akapanda banda la kuku, akalipigilia lile bati. Alipigilia mpaka misumari ikaisha, watu wakamshusha.

FUNZO

Mtabishana sana kama raia awe na bunduki au asiwe nayo, na kila upande una maneno yake. Mimi si mtunga sheria, sina la kuwaamulia wakubwa. Ila nimejifunza haya kwa uchungu, na nawapa bure.

Silaha haimjui mwema wala mwovu. Aliyeuawa alikuwa mtoto mwema na aliyeua alikuwa jirani mwema. Hata silaha ya bandia inaita ya kweli, kwa sababu anayeiona gizani hana nafasi ya kuuliza. Ukificha silaha, mtu wa kwanza kumficha ni yule atakayekuja kukuokoa, nawe umeshamtegea mtego. Kulinda nyumba ni kwa taa, kwa mlango, na kwa majirani wasiofichana. Na sisi tulioko mbali, tusiamrishe watu waingie katika hatari tusiyoiona, eti kwa kuwa simu iko mkononi. Aliye ndani ya nyumba ndiye anayejua kinachogonga.

Basi mkeo akikupigia, nawe uko hapa Guangzhou katikati ya mabelo yako, akakwambia bati limelegea, usimpelekee bastola. Mtafutie fundi.